Sebule yenye dirisha moja: kijivu au krimu?

Mpaka_Rangi: Salaam, wanajukwaa. Ninakusudia kupaka upya sebule yenye dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani, na nimebaki na rangi mbili: kijivu hafifu chenye ubuluu kwa mbali, na krimu. Sakafu ni ya mbao nyekundu, dari ni nyeupe, na chumba hutumika zaidi jioni. Naomba hoja zenu.

FundiBrashi: Ndugu, anza na balbu. Balbu ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hutoa mwanga wa manjano, ambao utaikoleza krimu na kuufisha ule ubuluu hadi kijivu kibaki kama saruji. Ile ya kelvini 6500 hukiacha kijivu kikiwa safi na kuipausha krimu. Kwa kuwa mnakaa humo jioni, taa ndiyo yenye uamuzi.

Kivulini: Naafiki kuhusu taa, lakini sakafu nayo ina neno. Mbao nyekundu zikikaribiana na kijivu cha namna hiyo, kila kimoja humkolezea mwenzake rangi yake, kwa sababu jicho hupima rangi kwa kuilinganisha na iliyo jirani. Mimi huupenda mvutano huo, mradi mapazia yasilete ugomvi wa tatu.

MamaPazia: Tazama pia namba ya uakisi wa mwanga kwenye kadi ya rangi, inayoanzia 0 kwa weusi kamili hadi 100 kwa weupe kamili. Kijivu kikiwa chini sana ya krimu, chumba cha dirisha moja kitakuwa na giza mchana.

Mpaka_Rangi: Ahsanteni. Balbu zangu ni za 2700 na sitazibadilisha. Je, nikipaka kipande kidogo ukutani kitatosha kunionyesha?

FundiBrashi: Hapana, kwani rangi ya zamani inayokizunguka italidanganya jicho. Chukua ubao mpana, uupake rangi mara mbili, uuache ukauke kabisa, maana rangi mbichi si rangi kavu, kisha uuhamishe kutoka dirishani hadi kwenye kona ya giza, na jioni uutazame taa zikiwa zimewashwa. Mimi ningechagua krimu isiyong'aa, kwa kuwa mng'ao hufichua kila kovu la plasta.

Kivulini: Kwa balbu hizo hata mimi nahamia kwenye krimu. Isiyong'aa, hata hivyo, ni ngumu kufutika alama za mikono. Kama kuna watoto, afadhali yenye mng'ao mdogo, na plasta ipigwe msasa vizuri kwanza.