Mwavuli wa bima ya dhima au nipandishe kikomo cha bima za kawaida? Niko Dodoma

Mkazi_Ilazo
Mbukwenyi wadau. Mimi ni mtumishi, kila siku Ilazo–Mtumba kwenda na kurudi. Nina Noah, nyumba ninayoishi, na nyuma yake vyumba vinne vya kupangisha. Bima yangu ni bima ndogo ya gari tu, ile ya kuwalipa wengine ukiwadhuru, sio gari lako. Nyumba haina kitu.

Majuzi pale Nzuguni bodaboda alinichomekea akiwa na abiria wawili. Nilimkosa kwa kiganja. Nikapaki pembeni, miguu haina nguvu, nikaanza hesabu: wale watatu wangelala hospitali miezi, nani analipa? Nikamsimulia binamu yangu aliye Marekani, akasema yeye ana bima inaitwa "mwavuli", inakaa juu ya bima zake nyingine zote.

Naona njia tatu. Nibaki na bima ndogo na niweke akiba. Au nipande bima kubwa na nyumba niikatie bima yenye dhima ndani yake, yaani mtu akidhurika kwangu bima ndiyo inalipa. Au nitafute huo mwavuli wenyewe. Mliopitia huku naombeni uzoefu.

Bi_Zabibu
Dodoma hii ya mvua za kuhesabu, mwavuli wa nini kaka? Natania. Nimeweka kiti hapa nasoma majibu.

Mswahili_Houston
Mkuu, ninao huo mwavuli, ngoja nikueleze unavyofanya kazi huku ili usinunue jina. Huwezi kuununua peke yake. Kampuni inakutaka kwanza uwe na bima ya gari na ya nyumba zenye kikomo kikubwa. Kwenye gari mara nyingi wanataka dola 250,000 kwa mtu mmoja aliyeumia na 500,000 kwa ajali nzima, na kwenye nyumba dola 300,000. Juu ya hapo ndipo mwavuli unafunguka, kwa kawaida kuanzia dola milioni moja.

Mfano: nimemgonga mtu mmoja, mahakama imeamuru dola 700,000. Bima ya gari inatoa 250,000 inaishia hapo. Mwavuli unalipa 450,000 zilizobaki. Bila mwavuli wanageukia akiba yangu ya benki. Milioni ya kwanza huwa ni dola mia kadhaa kwa mwaka, si ghali, kwa sababu ni mara chache dai kufika huko juu.

Haugusi gari lako, haukutibu wewe, haulipi ulichofanya makusudi, na biashara yako haimo. Watu wengi hapo ndipo wanapojichanganya.

Wakala_wa_Majengo
Mimi ni wakala wa bima hapa mjini, kwa hiyo nisomeni mkijua nakula kwenye kazi hii.

Ndugu yangu wa Ilazo, hoja ya Houston ina jambo kwako: mwavuli hausimami juu ya bima ndogo. Katika miaka yangu sijawahi kumuuzia mtu binafsi mwavuli wa namna hiyo. Makampuni na miradi ndio wanaoulizia dhima ya ziada, na hupitia kwa madalali wakubwa. Mtu wa kawaida namjengea mwavuli kwa vipande.

Kipande cha kwanza ni gari. Bima ndogo ya gari binafsi ni 100,000, na VAT inakuwa 118,000. Bima kubwa inahesabiwa kwa thamani ya gari. Ukichukua asilimia 3.5 kwa Noah ya milioni 18 ni 630,000, na VAT 743,400. Tofauti ni 625,400 kwa mwaka. Lakini sikiliza: sehemu kubwa ya hiyo tofauti inalinda gari lako, sio yule wa bodaboda. Ukinunua bima kubwa ukadhani umejikinga na madai ya watu, umenunua kitu kingine. Muulize anayekuuzia, "kikomo cha mali ya mtu wa tatu, yaani yule nitakayemgonga, ni shilingi ngapi, na nikitaka kukipandisha naongeza kiasi gani?" Wateja wanaouliza swali hilo nawahesabu kwa vidole.

Kipande cha pili ni nyumba. Bima ya makazi inaweza kubeba dhima ya mwenye nyumba. Useme wazi kwamba una wapangaji. Ukificha, siku ya dai utaambiwa hukusema.

Hasarani
Alichosema wakala kuhusu kikomo mimi nimekilipia. Nilirudi nyuma na pikapu nikaingia ubavuni mwa Land Cruiser mpya. Hakuna aliyeumia, nikasema alhamdulillah, bima ipo. Kampuni (siitaji) ilichukua miezi saba, na ilipolipa ikaishia kwenye kikomo. Kikomo chenyewe kilikuwa kimeandikwa ukurasa wa pili wa hati niliyoikunja siku ya kwanza nikaitia kwenye deshibodi. Kilichobaki nilimlipa mwenye gari kwa awamu, na kiwanja changu cha Iyumbu kikaenda humo humo.

Kuhusu kuweka akiba: nani hapa akiba yake haijawahi kuliwa na ada za shule? Tuambiane ukweli.

Wakili_Mdogo
Kabla hujanunua chochote, jua unalinda nini. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake haikamatwi kirahisi kutekeleza hukumu ya madai ya kawaida (uliyoiweka rehani benki ni habari nyingine). Kwa hiyo kilicho wazi kwako ni vile vyumba vinne kama vinahesabika peke yake, Noah, viwanja na akiba. Asiye na cha kukamata hana haja kubwa ya mwavuli. Wewe unacho.

Pia madai ya uzembe yana miaka mitatu ya kufunguliwa. Ukigongana na mtu mkamalizana kwa mdomo na elfu hamsini, usitupe hati yako ya bima.

Fundi_Changombe
Nyie mnaongelea gari tu. Mkuu, wapangaji wako wanapata maji wapi siku za mgao?

Mkazi_Ilazo
Kuna tangi la lita 5,000 juu ya mnara wa tofali. Kwa nini?

Fundi_Changombe
Likijaa hilo ni tani tano. Kaangalie miguu ya mnara, pale tofali zinapokutana na ardhi. Mara nyingi bomba la chini linavuja, udongo unalainika upande mmoja, ufa unapanda kama ngazi. Na watoto wa wapangaji wanacheza hapo hapo chini kwa sababu ndipo penye kivuli. Nimeshabomoa minara mingi hapa mjini kabla haijajibomoa.

Bi_Zabibu
Nimetoka kwenda kuangalia wa kwangu. Naomba namba yako fundi, nicheki inbox.

Mkazi_Ilazo
Nimerudi na mrejesho. Mwavuli nimeuacha. Dalali niliyemfuata alinijibu kama wakala alivyosema: kwa mtu mmoja mwenye Noah hawezi kuniandalia. Nimechukua bima kubwa na nimepandisha kikomo cha mali ya mtu wa tatu. Nyongeza haikufika hata nusu ya nilivyohofia. Stika nimeihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, wale wanaosimamia bima nchini, kabla sijaondoka ofisini.

Ya nyumba bado. Nimeomba dhima ya mwenye nyumba pamoja na nyongeza ya mlinzi na dada wa kazi, na wapangaji nimewataja. Mkaguzi alikuja Ijumaa. Hakuuliza habari za waya wala madirisha. Alizunguka nyuma, akachuchumaa kwenye mguu wa mnara, akaingiza ufunguo wa pikipiki yake kwenye ufa, ukazama wote. Akasema nikishalishusha hilo tangi nimpigie simu.

Fundi, njoo Jumatatu.