Tupeane uzoefu: ujumbe wa hitilafu uliowahi kukupoteza ulipopima mtandao

Fundi wa Ngamiani: Jana nilimkuta kijana akitaka kubadilisha ruta nzima kwa sababu pingi, yaani amri ya kutuma pakiti ndogo za majaribio kwa kompyuta nyingine ili kuona kama inajibu, ilimwambia kwamba muda wa kusubiri umekwisha. Naomba tupeane uzoefu.

Wa Chumbageni: Umenikumbusha mbali. Nilikuwa katika ofisi moja karibu na bandari, siku ya mishahara, mhasibu amesimama nyuma yangu. Niliipingi seva, na muhtasari wa Windows ukaonyesha pakiti zilizotumwa 4, zilizopokewa 4, zilizopotea 0. Nikamhakikishia kwamba mtandao ni mzima na kwamba kasoro iko kwenye programu yake, naye akaniamini, tukashinda mchana kutwa tukiisakinisha upya. Jioni ndipo niliposoma mistari ya juu, inayosema kwamba mashine lengwa haifikiki, nikagundua kuwa anwani iliyojibu mara zote 4 ni ya kompyuta yangu mwenyewe: iliiita seva kwenye mtandao wa ndani, haikuitikiwa, ikanirudishia habari hiyo, na Windows ikaihesabu kuwa jibu lililopokewa. Kichwa cha kebo ya seva kilikuwa kimeliwa na kutu. Watu walirudi nyumbani mikono mitupu, na mpaka leo inaniuma.

Wa Raskazone: Hesabu hiyo ya 4 kwa 4 iliwahi kunidanganya na mimi.

Wa Bombo: Fundi, kijana wako hakukosea. Muda ukiisha, mtandao umekatika.

Fundi wa Ngamiani: Hapana, ndugu yangu. Ujumbe huo una maana kwamba jibu halikurudi ndani ya muda, ambao kwa Windows ni sekunde 4, na kompyuta nzima kabisa hunyamaza ikiwa kinga yake ya mtandao (firewall) inazuia pingi.

Wa Bombo: Mimi kila nilipouona nilikuta swichi ya mtandao imezimika.

Wa Raskazone: Ndugu wa Chumbageni, mishahara ililipwa lini?

Wa Chumbageni: Kesho yake asubuhi, nilipokata kebo na kufunga kichwa kipya.

Wa Pongwe: Pingini kwanza 127.0.0.1, yaani kompyuta yenyewe, kisha ruta, kisha 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti, na mwisho jina la tovuti. Namba zikijibu na jina lisipopatikana, chunguzeni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, wala msiguse kebo.

Wa Bombo: Mimi nitaendelea kuanza na kebo.

Wa Chumbageni: Anza popote, ila soma kwanza ni anwani ya nani iliyojibu.