Maji ndani ya ng'ombe aliye hai yanapimwaje?

njoro_boy: Wadau habari zenu, nasomea mifugo hapa Njoro na lekchara anasema zaidi ya nusu ya uzani wa ng'ombe ni maji, sasa wanajuaje na ng'ombe bado anatembea? Kuchinja ukaushe mzoga kwa oveni naelewa, lakini huyo hutampima tena mwezi ujao.

mtu_wa_labu: Maji mazito bro, yaani deuteriamu oksaidi, maji ambayo hidrojeni yake ni ile aina nzito inaitwa deuteriamu. Hayana mionzi, hidrojeni yenye mionzi ni ile ingine, tritiamu. Unatoa damu kwanza kabla ya chochote, sababu hata maji ya mfereji yana deuteriamu kidogo, halafu unadunga kipimo unachojua kwa mshipa wa shingo, unamfungia maji ya kunywa na kungoja masaa kadhaa yachanganyike mpaka kwa tumbo kubwa, huko ndio huchelewa, kisha unatoa damu tena. Tuseme ng'ombe ni kilo 400, umedunga gramu 200, na sasa kila lita ya maji mwilini imeongeza gramu 0.8. 200 gawanya kwa 0.8 ni lita 250, hiyo ni 62% na kitu. Jibu huzidi kidogo kwa sababu deuteriamu ingine hujishika kwa protini.

mama_ndama_kakamega: Sasa nikishajua ni lita 250 nifanye nini nazo 😂

mtu_wa_labu: Haha mama, wenye kupima huwa wanatafuta mafuta! Mafuta karibu hayana maji, ukiondoa mafuta, mwili uliobaki ni kama 73% maji, kwa hivyo ukijua maji unakadiria unono bila kisu. Ila tumbo linasumbua, maji ya nyasi aliyokula asubuhi nayo yanahesabiwa.

veti_kisumu: Mama wewe tumia vidole. Ndama akihara finya ngozi ya shingo uachilie, ikirudi polepole na macho yameanza kuzama amepoteza maji kama 8% ya uzani wake. Mpe maji ya chumvi na glukosi, maziwa usimkatie. Akishindwa kusimama au kunyonya hiyo ni dripu, ita daktari saa hiyo hiyo usingoje asubuhi.

mama_ndama_kakamega: Asante daktari, hiyo ndio nilikuwa nataka.

njoro_boy: Na nikitumia yurea, ile taka ya mwili inayotoka na mkojo, badala yake? Deuteriamu bei yake siwezi.

mtu_wa_labu: Yurea iko sawa kwa projekti. Damu kabla, unadunga, damu tena baada ya dakika kama 12. Hapo haijaingia sana tumboni so ile shida ya nyasi inapungua, na yurea hata labu ya hospitali inapima. Ongea na lekchara wako kuhusu kibali kwanza, usidunge ng'ombe wa chuo kienyeji.