Chaneli mpya ya michezo ya vyuo: sh 500 kwa kila mteja wa kebo, ni bei halali?

Waya_Buzuruga

Habari wadau. Naomba msaada wa hesabu kwa wenye uzoefu wa mikataba ya chaneli za kulipia.

Mtandao wa kebo wenye wateja 3,200 hapa Mwanza (Buzuruga, Nyakato, Mahina, na laini ya pili inayotoka Nyegezi hadi Malimbe) umeletewa ofa ya chaneli mpya ya michezo ya vyuo vya Kanda ya Ziwa: soka, kikapu, netiboli, voliboli. Wenye chaneli wanataka sh 500 kwa kila mteja kwa mwezi, wateja wote wahesabiwe, mkataba miaka 3, na bei ipande asilimia 10 kila mwaka. Kifurushi kikuu ni sh 15,000 pamoja na VAT.

Hoja yao ni kwamba Marekani chaneli za vyuo zinalipwa zaidi ya dola moja kwa kila nyumba, kwa hiyo sh 500 ni bei ya kutupa. Je, hoja hiyo ina mashiko? Na je, chaneli iingie kifurushi kikuu au iuzwe pembeni kwa anayeitaka?

---

Kirumba_Mikataba

Mkuu, hoja yao ni nusu ya ukweli, na nusu waliyoiacha ndiyo yenye faida kwako.

SEC Network, chaneli ya ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, ilipoanza tarehe 14 Agosti 2014, bei iliyotangazwa sana ilikuwa dola 1.40 kwa mteja aliye ndani ya majimbo 11 yenye vyuo vya ligi hiyo. Nje ya majimbo hayo ilikuwa senti 25. Big Ten Network, chaneli ya ligi nyingine ya vyuo kule, iliyoanza Agosti 2007, iliomba kama dola 1.10 ndani ya majimbo yake 8 na senti 10 nje. Chaneli ni ileile na picha ni ileile, lakini nyumba ya jirani na chuo inalipiwa mara 5 hadi 11 ya nyumba ya mbali. Kwa hiyo anayekutajia dola moja bila kukutajia senti 10 amekusomea ukurasa mmoja tu wa mkataba.

Halafu bei peke yake haijawahi kuwa ndiyo ugomvi. Ugomvi ni kifurushi gani. Comcast, kampuni kubwa ya kebo kule, ilikaa karibu mwaka mzima bila Big Ten Network kwa sababu ilitaka kuiweka kwenye kifurushi cha michezo cha kulipia pembeni, na ligi ilitaka iingie kwa wateja wa kawaida. Wikiendi ya kwanza ya chaneli, tarehe 1 Septemba 2007, Appalachian State, chuo kidogo, wakawafunga Michigan, chuo kikubwa, 34 kwa 32 kwenye kandanda ya Kimarekani (American football), nyumbani kwao Michigan mjini Ann Arbor. Ni moja ya matokeo yaliyoshangaza kuliko yote katika mchezo ule, na yalikuwa kwenye chaneli ambayo wateja wa Comcast hawakuwa nayo. Walielewana Juni 2008. Hapo ndipo nguvu ya chaneli inapotoka: mechi moja ambayo mteja ataiulizia kwa hasira. Pac-12 Network, ya ligi ya vyuo vya magharibi mwa Marekani, nayo ilianza Agosti 2012 ikimilikiwa na vyuo vyenyewe kwa asilimia 100, ikashikilia masharti yake, DirecTV, kampuni kubwa ya TV ya dishi, haikuwahi kuibeba hata siku moja, na mwaka 2024 ikafungwa.

Sasa hesabu yako. Sh 500 mara wateja 3,200 ni sh 1,600,000 kwa mwezi. Mwaka wa tatu, kwa asilimia 10, inakuwa sh 605 kwa mteja, yaani sh 1,936,000 kwa mwezi, hata kama hukuongeza mteja mmoja.

Ukiiuza pembeni kwa sh 4,000 na mkagawana nusu kwa nusu, wao wanapata sh 2,000 kwa kila anayejiunga. Ili wafikie ile 1,600,000 lazima wajiunge watu 800, robo ya wateja wako. Hawatafika, wao wenyewe wanajua, ndiyo maana wanang'ang'ania "wateja wote". Na pembeni kuna shida nyingine: vyuo vikifunga kuanzia Julai hadi vifunguliwe Oktoba au Novemba hakuna mechi, kwa hiyo waliojiunga wanajitoa, na kuwarudisha ni kazi upya. Kwa chaneli changa ya aina hii mimi naunga mkono kifurushi kikuu kwa bei ndogo. Sitaki pembeni kwa bei kubwa.

Tenga wateja kwa maeneo kama wanavyofanya Wamarekani. Tuseme wateja 1,100 wako laini ya Nyegezi, Mkolani na Malimbe, jirani na SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino): sh 350. Waliobaki 2,100: sh 80. Jumla ni sh 385,000 na sh 168,000, yaani sh 553,000, wastani wa kama sh 173 kwa mteja. Anzia hapo.

Jambo moja watu wengi hukosea: usipime sh 500 dhidi ya 15,000. Toa VAT kwanza. 15,000 gawanya kwa 1.18 ni sh 12,712, hiyo ndiyo pesa yako. Sh 500 ni karibu asilimia 4 ya pesa hiyo kwa chaneli moja. Piga picha chaneli 30 zikidai hivyo.

---

Mhandisi_Ziwa

Naongezea upande wa mitambo, maana bei bila ubora wa picha haina maana kwenye michezo.

Waulize kwanza wanakuletea mawimbi kwa njia gani. Wakikuambia "kwa setilaiti", bei yao imebeba gharama ambayo wewe huihitaji. Transponda (njia moja ya kurushia ya setilaiti) ya 36 MHz kwa DVB-S2, 8PSK 3/4, mpangilio wa kawaida wa setilaiti, inatoa takriban megabiti 66 kwa sekunde. Chaneli ya HD ya michezo inakula megabiti 4.5 hadi 5, kwa hiyo zinaingia 13 au 14. Nafasi hiyo inalipiwa ileile, watazame watu 500 au milioni moja, na mwale mmoja unamwagika Tanzania nzima na majirani. Ndiyo sababu kampuni za dishi hazivutiwi na chaneli ya mkoa: haziwezi kulipia nafasi ya nchi nzima kwa watazamaji wa Nyamagana na Ilemela. Kwenye kebo mambo ni tofauti kabisa. Nafasi ni yako, na uwanja uko kilomita chache kutoka kwenye mitambo yako.

Kwa hiyo dai wakuletee kwa faiba moja kwa moja, kwa SRT (njia ya kutuma video kwa intaneti inayorudisha data iliyopotea). Enkoda yao, kifaa cha kubana picha, iwe 720p50 (HD, picha 50 kwa sekunde), kwa ubanaji wa H.264, megabiti 6 hadi 8 kwa sekunde. Muda wa kusubiri wa SRT uwe angalau mara 4 ya muda wa data kwenda na kurudi. Kwa faiba ya ndani ya mji, ile milisekunde 120 inayokuja na programu inatosha. Kama siku ya mechi wanatumia intaneti ya simu kutoka uwanjani, wapandishe hadi milisekunde 1,500 au 2,000, la sivyo picha itakatika kila watazamaji wakianza kutuma video zao. Tangazo la moja kwa moja kuchelewa sekunde mbili halimuumizi mtu, ila picha kuganda penalti inapopigwa italeta simu 200 ofisini.

Upande wako: nafasi moja ya masafa ya 8 MHz kwenye DVB-C (mfumo wa kidijitali wa kebo), kwa 64-QAM, inabeba megabiti 38 hivi kwa sekunde. Usiipachike chaneli ya michezo kwenye moduleta (kifaa kinachopandisha chaneli kwenye kebo) iliyokwisha kujaa ukaibana hadi megabiti 1.5. Taarifa ya habari itavumilia, lakini soka halivumilii. Ukitaka kuhakikisha, simama karibu na televisheni mpira unapopita juu ya nyasi za uwanja: majani yanageuka rangi moja ya kijani kama zulia, nyavu za goli zinakuwa vimraba, na mpira wa juu unapotea kabisa mpaka utue. Mpe megabiti 4 kamili kwa uchache. Na pima MER (kipimo cha usafi wa mawimbi) mwisho wa laini, nyumba ya mwisho kabisa Malimbe, isiwe chini ya 28 dB. Kwenye laini ndefu zenye viungio vilivyoingia maji ndipo inapoporomoka.

Kosa lingine la siku ya uzinduzi: chaneli inaongezwa lakini namba ya toleo la NIT (jedwali linaloviambia visimbuzi chaneli zilipo) haibadilishwi, visimbuzi havijui kuna kitu kipya, na wateja wote wanapiga simu kuuliza namna ya kutafuta chaneli upya. Pandisha namba hiyo usiku, halafu jaribu kwa visimbuzi vya aina zote ulizogawa. Aina moja tu isiyosoma mabadiliko inatosha kukuharibia siku.

Kuhusu kutenga kwa maeneo, hapo natofautiana kidogo na mkuu wa juu. Marekani majimbo yana mipaka. Hapa mwanafunzi wa Malimbe kwao Musoma, na mzazi wake hayuko kwenye laini yako. Kwa wateja 3,200 kazi ya kuhesabu kanda mbili kila mwezi itazaa mabishano kuliko faida. Bei moja ya sh 150 hadi 180 kwa wote ingetosha.

---

Waya_Buzuruga

Shukrani sana wakuu, nimeanza kuona mwanga. Kuna jambo limebaki: wateja wengi ni wa malipo ya kabla, wengine wanalipia siku 7 tu. Na kuna hosteli na hoteli zenye vyumba vingi kwa ankara moja. "Mteja" hapo ni nani? Na wanataka bei iandikwe kwa dola.

---

Bint_Kapripoint

Kaka, hilo ndilo swali lenye pesa kuliko yote uliyouliza. Ukikosea tafsiri ya "mteja", punguzo lote ulilopigania kwenye bei linarudi kwao kwa mlango wa nyuma.

Malipo ya kabla: usikubali kuhesabu akaunti zilizosajiliwa. Hesabu siku zilizolipiwa. Toa ripoti kwenye mfumo wa kadi za visimbuzi, jumlisha siku zote za mwezi ambazo wateja walikuwa wamefunguliwa, gawanya kwa siku za mwezi huo. Mfano: siku 84,000 kwa mwezi wa siku 30 ni wateja 2,800, ingawa akaunti ni 3,200. Kwa sh 170, tofauti ya 400 ni sh 68,000 kila mwezi.

Hosteli na hoteli: chukua ankara nzima, gawanya kwa bei ya kifurushi kikuu. Hoteli ya vyumba 40 inayolipa sh 240,000 inahesabiwa kuwa wateja 16, si 40. Liandikwe hilo waziwazi, kwa mfano wa namba ndani ya mkataba, kwa sababu mhasibu atakayekuja mwaka wa pili hakuwepo mkikubaliana.

Ukaguzi: wana haki ya kukagua, ila iwe mara moja kwa mwaka, kwa taarifa ya siku 30 kabla, na kwa kipindi kisichozidi miezi 12 nyuma. Wakikuta umelipa pungufu kwa zaidi ya asilimia 5, gharama ya ukaguzi iwe yako. Chini ya hapo iwe yao.

Dola: hapana. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Andika shilingi. Kupanda kwa asilimia 10 nako kukatae. Weka asilimia 5 kuanzia mwaka wa pili, na mwaka wa kwanza uwe na miezi 3 au 4 ya bure, maana wewe ndiye unayewatengenezea watazamaji.

Kabla ya yote omba nakala ya leseni yao ya maudhui ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na barua za vyuo zinazowapa haki ya kuonyesha mechi. Bila barua hizo hawana cha kukuuzia. Ongeza na sharti kwamba wakimpa mwendeshaji mwingine wa ukubwa wako bei ya chini, nawe upewe hiyohiyo kuanzia siku ileile. Na dai dakika 2 za matangazo kila saa ziwe zako: maduka ya vipuri Nyakato, steshenari za Nyegezi, hosteli zinazotafuta wapangaji. Kwa mtandao wa ukubwa huo, dakika hizo zinaweza kurudisha sehemu nzuri ya ada.

Kisha wapime kwa saa. Mechi 3 kwa wiki, saa 2 kila moja, wiki 30 za masomo, ni saa 180. Mwaka una saa 8,760. Saa za mechi za moja kwa moja ni kama asilimia 2, zilizobaki ni marudio na mazungumzo. Kwa hiyo ada ifungwe kwenye mechi. Andika kwamba wasipofikisha saa 150 za moja kwa moja kwa mwaka, kila saa inayopungua inapunguza ada ya mwaka kwa sehemu moja ya 150. Mawimbi yakikatika zaidi ya saa 6 kwa siku kwa kosa lao, siku hiyo isilipiwe: ada ya mwezi gawanya kwa 30. Anayeandika rekodi ya kukatika awe nani, na saa ya nani itumike, litajeni pia. Mtambo wako unaopokea SRT unaandika kila kukatika kwa tarehe na sekunde, basi kumbukumbu hiyo ndiyo itambulike na pande zote mbili.

Ratiba ya muhula ujao waiambatishe kwenye mkataba, ikiwa na viwanja na saa za kuanza. Usiweke saini mpaka uione.