Hivi siri ya mgonjwa inaishia wapi? Mapokezi wametangaza ugonjwa wangu kwa benchi zima

Wakuu habari zenu. Mimi zangu si nzuri, nina hasira na nitaandika hivyohivyo nikiwa na hasira mnisamehe.

Juzi nimeenda kituo ninachotibiwa siku zote, nilikuwa na siku tatu kukojoa kunauma na mara moja nikaona damu, na mtu mzima ukishaona damu chooni usiku hulali, akili inazunguka tu. Nafika dirisha la mapokezi, nyuma yangu benchi limejaa, dada hajanyanyua hata uso ananiuliza unasumbuliwa na nini. Nikamwambia kwa sauti ya chini naomba nikamweleze dokta. Akasema haiwezekani lazima aandike. Nikainama nikamnong'oneza. Akarudia kwa sauti ya mnadani "MKOJO UNAUMA, UNA DAMU, TANGU LINI?" Benchi lote kimya. Kuna mzee alikuwa amesinzia akaamka kabisa.

Swali lenyewe silipingi, mapokezi lazima wajue nani asikae foleni, mtu amebanwa kifua au mjamzito anatoka damu huwezi kumwambia subiri zamu yako. Ila kuandika kwenye kikaratasi kunashindikana? Kumsogeza mtu pembeni hatua tatu kunashindikana?

Baada ya hapo nikawa sina jina tena. Nesi akichungulia anaita "yule wa mkojo yuko wapi". Faili langu liko juu ya kaunta limefunguliwa, anayekuja kuuliza choo kiko wapi anasoma.

Kwa dokta ndo nilichoka. Mlango wazi. Mgonjwa anayefuata ameshaingizwa ndani kakaa kiti cha pembeni, eti tunaokoa muda, na vijana wawili wa mafunzo wamesimama ukutani ambao hakuna aliyeniuliza kama naridhia wawepo. Dokta akaniuliza hapohapo una wapenzi wangapi, mara ya mwisho ulitumia kinga au hukutumia. Ni maswali ya maana kabisa kwa shida kama yangu, maana mkojo kuuma unaweza kuwa UTI ya kawaida, unaweza kuwa mawe, unaweza kuwa kisonono, na dawa si moja. Lakini wakuu mimi nilidanganya. Nilimwangalia yule jamaa wa kiti cha pembeni anavyotega sikio nikasema niko na mke wangu tu na hakuna kitu kingine. Dokta akaandika uongo wangu, na dawa niliyopewa imetokana na ule uongo. Sasa niambieni hapo nimetibiwa mimi au ametibiwa mtu niliyemtunga?

Hapa ndo watu hawaelewi wanapodhani faragha ni mambo ya kujisikia. Mgonjwa akiogopa masikio ya watu anaficha, akificha dokta anapiga ramli. Ndo maana hiki kitu hakikuanza jana, kiapo cha Hippocrates, yule tabibu wa Ugiriki ya kale, cha zaidi ya miaka 2000 kinasema daktari anyamazie anayoyaona na kuyasikia kwa wagonjwa. Chama cha Madaktari Duniani wakakirudia kwenye Tamko la Geneva la 1948, kwamba siri za mgonjwa ziheshimiwe, na 1968 wakaongeza hata akishakufa. Halafu 1981 wakatoa Tamko la Lisbon la haki za mgonjwa, na tangu walipolirekebisha 1995 humo kuna kukataa kutumika kufundishia wanafunzi, kuna kupewa taarifa zako zilizoandikwa kwenye rekodi. Nilipoomba kopi ya majibu yangu nikajibiwa "faili ni mali ya kituo". Sawa, karatasi na kava ni lenu chukueni, hiyo damu iliyoandikwa humo ni ya nani?

Na msiniambie kuna mazingira siri inatolewa, najua. Kuna magonjwa ya kuambukiza sheria inataka yaripotiwe, mtoto akionekana ananyanyaswa huwezi kukaa kimya, na daktari mwingine anayenitibu anapewa kinachomhusu. Hakuna sheria inayotaka benchi liripotiwe.

Tunaogopa wadukuzi, kila siku tunasikia mifumo inawekewa ulinzi, wakati siri inavujia mdomoni pale dirishani. Yule dada hakula kiapo chochote na wala simlaumu yeye peke yake, inawezekana hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwambia hicho unachokiandika si umbea. Lawama yangu ni kwa dokta mwenye kiapo anayesikia makelele yale kila siku mlango ukiwa wazi, anaendelea kuandika.

Nimefika nyumbani jioni jirani ananipa pole. Pole ya nini? "Si ile shida yako ya mkojo." Mke wangu amesimama pembeni, sikuwa nimemwambia bado. Hayo yaliyofuata naomba niyaache, ila jueni nimelala sebuleni.

Nimeandika barua kwa msimamizi wa kituo, nimeweka tarehe, saa, nani alisema nini na nani alikuwepo, na kopi nimebaki nayo, asipojibu naipeleka kwa baraza linalosimamia madaktari maana malalamiko ya mdomo huwa yanaishia palepale dirishani.

Kuna kipimo kingine majibu yake yanatoka Ijumaa. Leo nimepiga simu kuomba kama naweza kuyapokea chumbani mlango ukiwa umefungwa. Aliyepokea akaniuliza jina nikamtajia, kimya kidogo, halafu akasema, "Aaah, wewe ndo yule wa mkojo?"