Rangi ya sabuni ya maji imepotea usiku mmoja, naomba ushauri

Ilomba Kwetu: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mama, niko hapa Mbeya. Jana nimetengeneza sabuni ya maji lita 20, mara yangu ya tatu. Nililala ikiwa kijani safi, asubuhi naikuta imepauka kama maji ya mchele. Niongeze rangi kiasi gani? Jumatatu mteja anachukua. Naombeni msinitukane.

Kiazi Mviringo: Rangi umenunua wapi, Mwanjelwa? Mimi malighafi zangu zinapanda basi kutoka Dar na bado faida naiona.

Fundi Koleo: Dada, taja vipimo vyote.

Ilomba Kwetu: Sulfoniki lita moja, ungaroli nusu kilo, magadi soda, chumvi, manukato ya limau, rangi. Nimekoroga upande mmoja kama tulivyofundishwa.

Bibi wa Tukuyu: Sisi tulifulia maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Unayatia kwenye chungu kilichotobolewa, unamwagia maji taratibu, yanachuruzika yana rangi ya chai na yanateleza mkononi. Mama mkwe alikuwa anayapima kwa ncha ya ulimi, akikunja uso ujue yameiva. Siku hizi kila mwenye ndoo ni mjasiriamali.

Fundi Koleo: Shikamoo bibi. Dada, magadi kiasi gani? Na kuna kitu hujakisema, rangi haiondoki yenyewe.

Ilomba Kwetu: Magadi yaliniishia, nilitia vijiko viwili. Halafu niliongeza jiki, ila nusu kikombe tu! Mteja ana gesti, anataka inayoua wadudu. Wengi wanafanya hivyo.

Fundi Koleo: Basi ndiyo hiyo. Sulfoniki ni asidi, magadi ndiyo yanayoizima. Ukiyapunja, asidi inabaki, na jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Jiki hiyo hiyo imekula rangi yako. Umeshafunga kwenye chupa?

Ilomba Kwetu: Nimefunga zote. Mbili tatu zimetuna. Nakohoa pia, ila hiki ni kibaridi cha Juni tu. Siwezi kumwaga, hela ni ya kikoba.

Mzee Saa Nne: Hiyo gesti haitahitaji kugonga milango saa nne asubuhi, wageni watatoka wenyewe mbio.

Mama Mchungaji: Hela ya kikoba unaifanyia majaribio? Mumeo anajua?

Kijana wa Uyole: Subirini kwanza. Akaunti hii mwezi wa tatu ilileta uzi, "mke wangu anataka kuondoka, nifanyeje". Leo imekuwa mama? Hii chai.

Bibi wa Tukuyu: Tena ya Rungwe, imekolea.

Kiazi Mviringo: Na mimi nilimwandikia ushauri mrefu kama barua ya posa. Nirudishieni bando langu.

Ilomba Kwetu: Sijadanganya mtu. Simu ni ya mume wangu, na akaunti ni yake.

Mzee Saa Nne: Duh.

Kijana wa Uyole: Kwa hiyo mke mwenyewe ndiye wewe?

Fundi Koleo: Ya ndoa yasubiri. Dada, toa chupa nje, fungua moja moja bila kuinamia, upepo ukupige mgongoni. Watoto wasisogee. Kifua kikibana nenda hospitali usiku huu huu. Na gesti usipeleke hata chupa moja.

Ilomba Kwetu: Nimeshazitoa uani, nimezifungua zote. Harufu yake inachoma macho kweli. Gesti nitawapigia kesho.

Huo uzi wa mwezi wa tatu uko wapi? Nitumieni.