Hivi Hogarth alikuwa anamsema Tom Nero peke yake au na wale madaktari?

kalamu_ya_mkaa:
Wakuu salaam. Jana usiku nimekesha na zile picha nne za chapa za mchoraji wa Kiingereza William Hogarth, zile za hatua nne za ukatili za mwaka 1751, nimevuta kila kona mpaka macho yanauma. Stori yenyewe haina chenga, Tom Nero anaanza utotoni kumtesa mbwa kwa mshale, akikua anaendesha gari la farasi la kukodi hapo London na anampiga farasi wake aliyeanguka na kuvunjika mguu, picha ya tatu kashamchinja Ann Gill mjakazi mwenye mimba yake ambaye alimshawishi amwibie bosi wake, ya nne kanyongwa na mwili uko mezani unapasuliwa na madaktari. Sawa, mshahara wa dhambi. Ila sasa mbona hiyo ya nne ndo inatisha kuliko zote? Kama ni haki imetendeka mbona sisikii kuridhika, nasikia kichefuchefu? Au mimi ndo nina roho nyepesi.

MzeeWaShaba:
Huna roho nyepesi mkuu, jamaa kakutega na umetegeka. Rudi ya kwanza uangalie, kuna mtoto anatoboa macho ya ndege kwa sindano ya moto, njoo ya pili farasi jicho limetoka kwa kipigo, halafu ya nne daktari anachokonoa jicho la Tom kwa kisu. Jicho, jicho, jicho. Na mbwa je? Ya kwanza Tom anamtesa mbwa, ya nne kuna mbwa chini ya meza anakula moyo wa Tom. Halafu tazama uso wa maiti, kamba bado iko shingoni lakini mdomo umeachama kama mtu anayepiga kelele, maiti gani inapiga kelele? Kamchora hivyo makusudi usikie maumivu ambayo marehemu hawezi kuyasikia. Na yule mkuu wa madaktari kakaa kwenye kiti kirefu kama jaji, na fimbo yake anaonyeshea matumbo utafikiri mwalimu yuko ubaoni. Kukodoa macho bila huruma ndo kulekule kwa wale watoto wa picha ya kwanza, tofauti yao ni mawigi tu.

Sina_Makuu:
Hapo MzeeWaShaba naona unamsifia kuliko alivyokusudia. Hogarth alitaka kutisha watu wa chini, kwisha. Picha aliziuza shilingi moja moja, za karatasi nzuri shilingi na nusu, bado ghali kwa wale aliowalenga, na alimtafuta pia John Bell amchongee kwenye mbao ili zitoke za bei rahisi, zikachongwa mbili tu za mwisho halafu mpango ukafa sababu gharama zilikuwa kubwa. Jiulize kwa nini mbili za mwisho, sio za kwanza: kachagua mauaji na kupasuliwa. Enzi hizo watu walikuwa wanaogopa kupasuliwa kuliko kunyongwa kwenyewe, pale Tyburn, sehemu ya kunyongea watu London, ndugu wa marehemu walikuwa wanapigana kabisa na watu wa madaktari kugombea mwili. Na 1752 ikaja sheria kwamba muuaji akinyongwa hazikwi, anapasuliwa au ananing'inizwa kwa minyororo. Kwahiyo Hogarth na serikali walikuwa wanaimba wimbo mmoja.

dada_wa_makavazi:
Kaka Sina_Makuu hiyo ya kutisha nakubali, ila kama walengwa ni maskini peke yao niambie wanasheria wamefuata nini kwenye picha ya pili. Lile gari limepinduka sababu wamejazana humo wanasheria wanne wanene, wanabana matumizi wagawane nauli, farasi ndo kalipia. Hao sio watu wa chini. Halafu kitu ambacho watu wanakiruka, kwenye nguo ya Tom mtoto kuna herufi S.G. yaani ni mtoto wa parokia ya St Giles, analelewa kwa sadaka. Haya, hiyo parokia ilikuwa wapi wakati watoto wake wananing'iniza paka mkia juu na kufunga mfupa kwenye mkia wa mbwa? Pichani hakuna mtu mzima hata mmoja anayewakemea, anayejaribu ni kijana mmoja tu aliyevaa vizuri, anampa Tom andazi lake amwache mbwa, maskini analia kabisa. Mimi yule kijana ndo namwonea huruma zaidi, sijui kwa nini.

Na pembeni hapo kuna mtoto anachora ukutani kwa mkaa mtu ananyongwa, kaandika jina la Tom. Yaani hukumu imeshatoka kabla ya kesi lol

MzeeWaShaba:
Ongeza na mifupa ya ukutani picha ya nne dada, ina majina, James Field na Macleane, wahalifu wa kweli walionyongwa enzi zilezile. Yule Macleane alikuwa jambazi wa barabarani, 1750 hiyo. Msomaji wa London alikuwa anawajua kabisa, hakuhitaji maelezo.

kalamu_ya_mkaa:
Aisee asanteni sana. Kwahiyo pichani wenye utu ni yule kijana wa andazi basi?

dada_wa_makavazi:
Yuko mwingine, picha ya pili kule nyuma, kuna bwana kasimama anaandika namba ya gari la Tom akamripoti.

kalamu_ya_mkaa:
Kumbe!! Nilimwona huyo, nikadhani karani wa wale wanasheria anapiga hesabu ya nauli